Mpishi, Mgeni na Kamba

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ina watu wawili ndani yake, na wote wawili wamefurahi: mgeni aliyekaribishwa, na mwenyeji aliyepata sababu ya kupika vizuri siku hiyo. Lakini kila karamu yenye kitoweo ina wa tatu wake, ambaye methali haimtaji. Huyo ndiye aliyevuliwa au kuchinjwa ili wawili hao wakutane. Mgeni ana haki yake na mwenyeji ana sifa yake. Je, huyu wa tatu ana nini? Anawadai chochote wale wanaomla, au deni hufutika pale roho inapotoka?

Suala hili ni kongwe, na aghalabu hufichwa nyuma ya kuta za machinjio. Ziko karamu chache, hata hivyo, ambazo haziwezi kulificha. Mojawapo hufanyika kila mwaka katika nyua za watu wa Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, pale Mto Mississippi unapokaribia bahari. Msimu wake huanza na miezi ya baridi na kufikia kilele baina ya Machi na Mei. Anayepikwa ni kamba wa maji baridi, mwenye urefu wa kidole cha mtu mzima, gamba jekundu linaloelekea weusi, na magando mawili mbele. Wataalamu humwita Procambarus clarkii. Wenyeji humwita, kwa utani, mdudu wa matope, kwa kuwa hujichimbia mashimo topeni. Huvuliwa kwa madema ya waya katika bonde la majimaji la Atchafalaya, na wengi hufugwa katika mashamba ya mpunga ambayo hujazwa maji baada ya mavuno.

Mwenyeji hununua gunia la wavu lenye kilo zipatazo 15, na ndani yake mna mamia ya kamba, wote hai. Huwamimina katika beseni kubwa, huwaosha kwa maji ya mpira mpaka tope liwatoke, na huwaweka kivulini wasije wakafa kwa jua. Kando yake, juu ya jiko la gesi lenye moto wa kishindo, sufuria kubwa inatokota: maji, chumvi, pilipili nyekundu ya unga, malimau yaliyokatwa, vitunguu maji na vichwa vizima vya thomu. Viazi vidogo hutangulia, kwa kuwa huchelewa kuiva. Kisha kapu la chuma lenye matundu hujazwa kamba na kushushwa ndani. Maji yakisharudi kuchemka, dakika chache zatosha. Moto huzimwa, mahindi hutiwa, na kamba huachwa humo kwa nusu saa hivi wanywe chumvi na pilipili. Hatimaye kapu huinuliwa, na vyote humwagwa juu ya meza ndefu iliyotandikwa magazeti. Hapana sahani wala uma. Watu husimama bega kwa bega, humvunja kamba kiunoni, hunyonya kichwa, humenya mkia, na mazungumzo huendelea mpaka mezani pasibaki ila maganda.

Karamu hii ina historia ya kuheshimiwa. Wachitimacha na Wahouma, wenyeji wa asili wa nchi ile, walimla kamba huyu kabla ya Mzungu kufika. Mwaka 1755 Waingereza walianza kuwafukuza Waakadia, watu wa asili ya Kifaransa, kutoka Nova Scotia. Familia zilitawanywa, wengi walikufa njiani, na tangu miaka ya 1760 baadhi ya waliosalia walipata makazi katika majimaji ya Louisiana. Kizazi chao ndicho kinachoitwa Cajun. Kwa muda mrefu kamba wa matope alihesabiwa kuwa chakula cha fukara. Mambo yaligeuka katika karne ya 20: mwaka 1959 bunge la jimbo liliutangaza mji mdogo wa Breaux Bridge kuwa makao makuu ya kamba huyu duniani, na mwaka 1983 akafanywa nembo rasmi ya jimbo. Wakimbizi wa Vietnam waliofika baada ya vita vyao kwisha mwaka 1975 nao wakampokea katika vyungu vyao, wakamwongezea siagi na thomu kwa wingi, na upishi wao ukapata wapenzi wengi, hasa mjini Houston. Chakula cha unyonge kikawa chakula cha fahari. Mwenye kuihoji karamu hii yampasa ajue anachokigusa: ni meza ambayo watu waliofukuzwa kwao waliitumia kujenga ujirani upya.

Katika upishi huo liko sharti moja lisilovunjwa: kamba aingie chunguni akiwa hai. Aliyekufa kabla huharibika upesi, nyama yake hulegea, na aweza kumdhuru mlaji. Kwa hiyo mpishi mwangalifu huinama juu ya beseni na kuwakagua. Aliye mfu hutupwa. Hapa ndipo ulipo mzizi wa suala. Mpishi huyu si mkatili. Anawaosha, anawatafutia kivuli, anawachagua kwa subira ambayo mkatili hana. Lakini subira yote hiyo inamwelekea mgeni. Kamba anatunzwa ili afe kwa wakati unaotakiwa. Wema kwa mgeni na mauti ya kamba havikukutana kwa bahati. Wema huo unayahitaji mauti hayo, tena kwa namna hiyo hiyo, ndani ya maji yanayotokota. Ni kufa kufaana, kwa maana yake iliyo wazi kabisa.

Msomaji wa mwambao asidhani kwamba jambo hili ni la ng'ambo peke yake. Kaa naye hutiwa chunguni angali hai, na anayemtia ni yule yule aliyelelewa kwamba kisu cha kuchinjia kinolewe na kwamba mbuzi asioneshwe kisu. Mbele ya mbuzi ana adabu. Mbele ya kaa hana habari. Kwa nini? Jawabu moja limo ndani ya lugha.

Kiswahili kimeyafunga maneno nyama na mnyama kwa fundo moja. Mbuzi akiwa zizini ni "huyu". Akishachinjwa na kukatwa ni "nyama hii". Sarufi yenyewe humvua uhai, na mlaji hupumzika, kwa kuwa anachokula sasa ni kitu. Kamba hapiti katika mlango huo. Kamba ya kufungia ngalawa ni "hii", nayo hukatika. Kamba wa kuliwa ni "huyu", naye hufa. Hata akishaiva, akiwa mwekundu juu ya meza, ulimi wa Mswahili bado humwita "kamba huyu mtamu", kama unavyomwita samaki na kuku. Lugha haimpokonyi ngeli ya walio hai hata baada ya uhai kumtoka. Mbuzi hupotea ndani ya neno nyama. Kamba hufika mezani na kichwa chake, macho yake na jina lake.

Watu wa Louisiana nao wana mlango wao wa kupumzikia dhamiri. Kusini mwa jimbo lile Ukatoliki umeota mizizi, na Kanisa huwataka waumini waache nyama siku za Ijumaa za Kwaresima. Viumbe wa majini hawahesabiwi kuwa nyama. Hivyo Ijumaa Kuu, siku ya kuomboleza kifo, imekuwa mojawapo ya siku kubwa za kuchemsha kamba. Hapana hila katika hilo, kwani sheria yenyewe i wazi. Lakini sheria inayosema kwamba hiki si nyama inajibu swali la mlaji aliyeamriwa kujinyima. Swali la kamba imeliacha pale pale. Kuwa halali ya mlaji ni jambo moja. Kutokuwa na dai lolote juu ya mlaji ni jambo jingine.

Lipo jibu jepesi zaidi, nalo ni kwamba kamba hasikii maumivu. Anapopiga mkia majini, husemwa, ni mishipa tu inayoshtuka, kama mlango unavyogonga upepo unapovuma. Jibu hili liliwatosheleza watu kwa karne nyingi. Mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham alilitikisa katika kitabu kilichotoka mwaka 1789, aliposhikilia kwamba la kuulizwa juu ya mnyama ni kama aweza kuteseka, na kwamba akili na usemi havina uzito katika jambo hilo. Kuuliza, hata hivyo, ni rahisi kuliko kujibu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ya sufuria aijuaye kamba, naye hana ulimi wa kuisimulia.

Mwaka 2014 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha katika jarida la Science majaribio waliyoyafanya kwa kamba wa aina hii hii ya Louisiana. Walimweka katika njia za maji zilizopangwa kwa umbo la msalaba, mbili zina mwanga na mbili zina giza. Kamba mtulivu hupendelea giza, lakini hutoka pia kwenda kuchungulia penye mwanga. Yule aliyekuwa ametangulia kusumbuliwa kwa umeme alijibanza gizani, ingawa humo njiani hapakuwa tena na umeme wowote. Alipopewa dawa ambayo binadamu hupewa kutuliza wasiwasi, alianza tena kutoka. Majaribio hayo hayathibitishi kwamba kamba ana hofu iliyo sawa na ya binadamu, wala hayakuhusu maji ya moto. Lakini yanaivunja hoja ya mlango na upepo: mlango hauogopi upepo wa jana.

Sheria nazo zimeanza kusogea. Tangu Machi 2018 Uswisi imekataza kumchemsha kamba akiwa hai bila ya kwanza kumpoteza fahamu. Mwaka 2022 Uingereza iliwaingiza kamba, kaa na jamaa zao katika sheria inayowatambua wanyama kuwa viumbe wenye hisia, baada ya ripoti ya mwaka 2021 iliyoandaliwa na wataalamu chini ya uongozi wa mwanafalsafa Jonathan Birch. Nchini Marekani kwenyewe, sheria ya shirikisho ya mwaka 1958 juu ya uchinjaji wa huruma inawataja ng'ombe, farasi, kondoo na nguruwe. Hata kuku hamo, sembuse kamba.

Kamba huyu amefika Afrika Mashariki pia, na safari yake ina funzo. Mwaka 1970 alitiwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, ili wavuvi wapate cha kuvua na kuuza. Alizaana kwa wingi, na watafiti wakaja kumhesabu miongoni mwa sababu kubwa za kutoweka kwa mimea ya majini na mayungiyungi ya ziwa lile. Naivasha sifa yake ni uharibifu. Louisiana amekuwa nembo ya jimbo. Kule mtu aweza kuona kwamba kumwua ni kuliokoa ziwa. Huku kumwua ni kumkirimu jirani. Lakini kiumbe ni yule yule na mishipa ni ile ile. Ikiwa anaumia, maumivu hayabadiliki kwa kubadilika sifa, wala hakujileta mwenyewe ziwani. Sababu ya kumwua yaweza kuwa nzuri zaidi mahali pamoja kuliko pengine. Namna ya kumwua ni hesabu nyingine, na sababu njema haiifuti.

Mwenyeji wa Louisiana ana hoja yake, na ni hoja nzito. Atasema kwamba huyo anayemlaumu hununua kuku aliyefungwa ndani ya plastiki, asijue aliishi vipi wala alikufa vipi, ilhali yeye hupika uani, mchana kweupe, na watoto wake wanajua chakula chao kimetoka wapi. Ni kweli, na uwazi ni fadhila. Lakini uwazi una gharama yake. Anayekula kilichouawa gizani aweza kusema kwamba hakujua. Anayeua mbele ya wanawe amekwisha kujinyima udhuru huo. Kuona hakumpunguzii mtu deni, kunaliandika.

Tena iko hesabu. Katika kila kilo 100 za kamba, nyama ya mikia hupatikana kama kilo 15 tu. Mgeni mmoja hula kilo moja na nusu au mbili za kamba wazima, maana yake makumi ya roho kwa kikao kimoja, ilhali ng'ombe mmoja hulisha mtaa. Ikiwa maumivu ya kamba ni sifuri, hesabu yote ni sifuri. Ikiwa ni chembe tu, basi chembe hiyo huzidishwa kwa mamia kila sufuria ishushiwapo kapu. Haba na haba hujaza kibaba, hata katika maumivu.

Hutokea katika karamu hizi mtoto akamtoa kamba mmoja beseni, akamtembeza juu ya nyasi, akampa jina, na wakati wa kupika ulipofika akakataa asitiwe sufuriani. Wazee hucheka na kumwachia. Kamba yule hana ubora wowote kuwapita wenzake mia kadhaa. Kilichomwokoa ni kutazamwa peke yake. Mtoto amefanya kwa moyo kile ambacho sarufi ya Kiswahili hufanya bila ya kufikiri: amemwita "huyu". Haimkiniki mtu mzima amtazame kila mmoja wa kamba mia sita kwa jicho la mtoto. Lakini kutowezekana huko ni upungufu wa mtazamaji, na hakumgeuzi hata mmoja wao kuwa "hii".

Je, sufuria ipinduliwe basi? Wapo wasemao hivyo, na hoja yao imesimama imara: penye shaka ya mateso, na penye chakula kingine, mtu na aache. Awezaye kuufuata mwendo huo asichekwe. Lakini baina ya kuacha na kutojali ipo nafasi pana, na humo ndimo wanamoishi watu wengi, wakiwemo wale wa Breaux Bridge na wale wa mwambao huu. Nafasi hiyo nayo ina wajibu wake.

La kwanza ni moto. Sufuria iliyojazwa kupita kiasi juu ya moto dhaifu hupoa mara tu kamba waingiapo, na dakika hupita kabla maji hayajarudi kutokota. Mpishi hawezi kuzihisi dakika hizo, maana zimo ndani ya sufuria. Ripoti ile ya 2021 iliweka kupasha maji polepole miongoni mwa njia zinazostahili kukatazwa, pamoja na kuchemsha kamba hai pale inapopatikana njia ya kumpoteza fahamu kwa umeme. Uani pasipo na chombo cha umeme, maji mengi, moto mkali na kamba wachache kwa kila mara havimpunguzii mgeni ladha, lakini humpunguzia kamba muda. La pili ni kiasi: kununua kwa idadi ya midomo badala ya kununua kwa majivuno, kwani kamba aliyechemshwa akaishia jalalani amekufa bure. La tatu ni kuacha mateso yasiyo na faida. Wako wanaowamwagia kamba chumvi kabla ya kuwapika, wakiamini kwamba inawatapisha tope. Imekwisha kuonekana katika utafiti kwamba maji matupu huwasafisha vivyo hivyo. Chumvi hiyo haimnufaishi mgeni wala mpishi, na anayeitia hana hata kisingizio cha ukarimu.

Haya hayalipi deni lote. Roho hailipiki kwa moto mkali wala kwa kipimo kizuri. Lakini mwenye deni asiyeweza kulipa lote hakupewa kwa sababu hiyo ruhusa ya kulikana lote. Tofauti ya mpishi anayejua kwamba anadaiwa na yule asiyejua haionekani mezani, maana pilipili ni ile ile na vicheko ni vile vile. Huonekana kabla, pale penye beseni na jiko, katika mambo madogo ambayo mgeni hatayajua wala kuyasifu.

Jioni magazeti hukunjwa pamoja na maganda yake, meza hufutwa, jiko huachwa lipoe. Mgeni amekuja, mwenyeji amepona. Wa tatu wao methali haikumtaja, na pengine haikuwa kazi yake kumtaja. Mpishi, aliyemshika na kumwosha kwa mikono yake mwenyewe, hawezi kusema kwamba hakumjua.